Fomu ya ahadi isifungwe na kilele: niliyojifunza nikipanda Kilimanjaro kuchangia vyoo vya shule

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Mwanza, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema wewe na wenzako watano wa kazini mnapanda Kilimanjaro Septemba kuchangia bweni la wasichana, lengo ni milioni 15, mmebakiza miezi mitano na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda mlima. Mmeshaandaa fomu ambayo mtu anaahidi kiasi fulani kwa kila mita 100 mtakazopanda, na nyongeza kubwa kwa atakayefika kilele cha Uhuru. Umeuliza mfanye mazoezi gani na mchangishe vipi. Nitajibu yote mawili, ila naomba hiyo fomu isiende kwa mchapaji kabla hujanisoma hadi mwisho.

Sisi tulikuwa saba, tunaishi Dar, tulisoma shule moja ya msingi wilaya ya Kondoa. Tulipanda kuchangia matundu sita ya vyoo vya wasichana na simtanki moja ya lita 5,000. Lengo letu lilikuwa milioni 9. Mimi natunza hesabu kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo daftari la michango nilikabidhiwa mimi, na bado ninalo.

Nianze na mazoezi. Dar ni tambarare, nami kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Mwezi wa kwanza nilitembea tu, kilomita tano kila jioni baada ya kazi, bila mzigo. Mwezi wa pili nikaanza ngazi. Jengo letu lina ghorofa tisa, nikawa napanda na kushuka mara nne, baadaye mara nane, mgongoni nina begi lenye chupa nne za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo sita, na ndio uzito utakaobeba mlimani mwenyewe mchana: maji, koti la mvua, sweta na vitafunwa. Jumamosi tulikwenda msitu wa Pugu, saa nne au tano za kutembea. Mwezi wa nne tukaenda Morogoro mara mbili, kutoka mjini hadi Morningside, juu kwenye milima ya Uluguru, na kurudi siku hiyo hiyo, kesho yake tukaamka na kupanda tena miguu ikiwa bado inauma. Hiyo siku ya pili ndiyo muhimu. Kilimanjaro haukuulizi kama unaweza kutembea siku moja. Utatembea siku saba mfululizo, unalala kwenye hema na kula bila hamu.

Wewe una bahati kuliko sisi. Mwanza ina vilima vya mawe ndani ya mji wenyewe. Watu wa Igogo na Mabatini wanapanda kila siku na ndoo kichwani. Tumieni hivyo vilima alfajiri, wala hamhitaji jimu.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni kushuka. Wote tulikuwa tunahesabu mita za kupanda. Ukitoka Uhuru, mita 5,895, unashuka hadi kambi ya Mweka iliyo karibu mita 3,100, siku hiyo hiyo, baada ya usiku usio na usingizi. Ni karibu mita 2,800 za kushuka, na nusu ya kwanza ni changarawe inayoteleza. Mwanzoni nilikuwa nikifika juu Morningside namwaga maji ili niteremke mwepesi. Nashukuru kaka mmoja aliyewahi kupanda alinikataza. Teremka na mzigo, taratibu, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na ujifunze kutumia fimbo mbili. Kwenye kundi letu waliolia kwa magoti ni wale wawili waliofanya mazoezi kwenye mashine ya kukimbilia.

Viatu navyo. Nilinunua buti nzuri za mitumba Karume, ngozi safi, hazijachakaa hata kidogo. Wiki ya tatu ya kuzivaa, katikati ya msitu wa Pugu, soli ya kulia ikaachia kuanzia kwenye kisigino, nilipoivuta ikamomonyoka mkononi kama mkate uliokauka. Buti iliyokaa miaka mingi bila kuvaliwa soli yake huoza kwa ndani hata kama juu inang'aa. Mitumba si mibaya, nusu ya mavazi yangu ya baridi yalitoka huko. Ila kiatu kipinde soli kwa nguvu kabla ya kulipa, kisha ukivae miezi mitatu mizima. Ingenitokea mlimani, pale kambi ya Barranco, ningerudi nyumbani.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa kuwa linagusa fomu yenu. Mazoezi yanakupa miguu, moyo na subira. Hayakukingi na mwinuko. Kule juu hewa ina karibu nusu tu ya msukumo wa huku pwani, na mwili wa mtu unazoea kwa kasi yake wenyewe. Hauangalii nani alikimbia marathoni. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa kuwa wanaweza kwenda haraka na wanakwenda. Kinachosaidia ni siku. Sisi tulichukua njia ya Machame kwa siku saba, na siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashushwa kulala Barranco, karibu mita 4,000. Inaudhi kushuka baada ya jasho lote lile, lakini ndivyo mwili unavyofundishwa. Mkiletewa bei nafuu ya siku tano, ikataeni, bora mlipe siku ya ziada. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, kula hata kama hutaki (wapishi wetu walitupikia mtori, nao ulipita pale ambapo wali uligoma), na tembea kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Kuhusu Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, muone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usimeze kwa ushauri wa mwenzako kambini.

Tuliondoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa sita usiku. Tulikuwa mstari mmoja, taa za kichwani, hakuna anayeongea. Chupa yangu niliiweka kichwa chini ndani ya soksi nene, kwa sababu barafu huanza kuganda juu ya maji, na ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Mbele yangu alikuwa mwenzetu mmoja, dada ambaye kwenye mazoezi alitushinda wote. Nadhani tulikuwa tumefika kama mita 5,300 nilipoona miguu yake inakwenda pembeni. Akasimama, akavua glavu, akaanza kujaribu kuivaa kwenye buti. Nilimwita, akanijibu maneno ambayo hayakushikana.

Kiongozi alikuja akamwangalia machoni na taa. Akamwambia atembee hatua tano mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, kama mtoto anayepima kiwanja. Hatua ya pili akaanguka ubavu. Kiongozi hakuuliza swali jingine, alisema, "Dada, tunashuka." Hapo ndipo yule dada, ambaye dakika moja kabla hakujua glavu ni ya mkono, aliposema sentensi moja iliyonyooka kabisa: "Siwezi, bosi ameahidi milioni na laki mbili nikifika."

Nilikuwa nimeiandika hiyo ahadi kwa mkono wangu, ukurasa wa tatu wa daftari.

Walimshusha wakiwa wamemshika huku na huku, mmoja kulia mmoja kushoto. Ule ulikuwa ubongo unaoanza kuvimba, na tiba yake ya kwanza ni kushuka, saa ile ile. Angebishana nusu saa nyingine, au angekuwa na kiongozi dhaifu anayeogopa kumuudhi mteja, tungekuwa na habari nyingine. Mchana huo tulimkuta Mweka amekaa nje ya hema, anakunywa chai, anaongea vizuri. Ila alikuwa analia.

Watano tulifika Uhuru. Mmoja aliishia Stella Point, ukingoni mwa kreta chini kidogo ya Uhuru, akaona inatosha, akageuka salama, na cheti cha Stella alipewa getini. Tuliporudi Dar nikaanza kukusanya. Bosi wa yule dada alisema ahadi ilikuwa kilele, na kilele hakikufikiwa. Aliyemwahidi yule wa Stella laki nne akasema Stella si kilele. Sikuwalaumu na sitawalaumu. Walishika maneno ya fomu, na fomu tuliitengeneza sisi. Ahadi zote zilikuwa 11,200,000. Hizo mbili zikaondoa 1,600,000, wengine wachache hawakulipa, jumla 260,000, tukabaki na 9,340,000. Vyoo vikajengwa, simtanki ikapandishwa kwenye mnara wake wa tofali. Sehemu ya kunawia mikono ilisubiri hadi mwaka uliofuata. Na yule dada kwa miezi mingi alikuwa akisema amewaangusha wale watoto, wakati alikuwa amechangisha kuliko mtu yeyote kati yetu. Hilo bado linaniuma.

Mdogo wangu, bweni la wasichana halipaswi kutegemea mapafu ya mtu usiku wa manane. Shilingi kwa kila mita 100 inaonekana inavutia, lakini inamlipa mtu aliyechanganyikiwa aendelee kupanda. Iondoe. Mchangiaji anachangia bweni. Nyinyi mnachotoa ni miezi mitano ya mazoezi na siku za kutembea, na hivyo mnavitoa mkifika au msipofika.

Kwenye michango yenyewe nitakuwa mfupi, hii kazi Watanzania tunaijua kwa sababu ya harusi. Kwanza kabisa, safari jilipieni wenyewe. Sisi tulicheza upatu kwa miezi minane. Raia analipa ada za hifadhi kwa shilingi na ni ndogo mno kuliko za wageni, kwa hiyo inawezekana. Siku mtu akijua mchango wake wa bweni umelipia hema lako, hutapata tena hata mia kwake, na atakuwa na haki. Pili, fedha zisiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mchungaji. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Kila usiku nilituma kwenye kundi la WhatsApp orodha: jina, kiasi, jumla, kilichobaki. Hata aliyetuma 2,000 alijiona. Hiyo orodha ilichangisha kuliko hotuba zetu zote. Mwambie mtu aongeze na ya kutolea, msione aibu, makato yakijumlishwa ni mifuko kadhaa ya saruji.

Ombeni mishahara ikitoka, siyo tarehe 15. Ombeni taslimu kabla ya safari: kati ya zile milioni 9 na ushee, sisi tuliondoka na 5,300,000 tu mkononi, zilizobaki zilinichukua miezi minne ya kupiga simu. Na nendeni na karatasi zenye uzito. Tulipata ramani kwa mhandisi wa halmashauri, makadirio ya fundi na barua ya mwalimu mkuu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipoyaona makadirio hakutoa fedha, alitoa nondo zote. Kwa kampuni kubwa hizo karatasi ni lazima. Wanayo mifano ya kulinganisha, kama Kili Challenge ya mgodi wa Geita na TACAIDS (tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI) ambayo inachangisha kwa ajili ya mapambano ya UKIMWI tangu 2002.

Kitu kimoja zaidi, na hapa naomba msikubali kubanwa na bajeti. Wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo yenu mlimani. Bila wao hamfiki hata kambi ya pili. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, unapimwa getini, simameni pale muone mizani. Ulizeni kampuni inawalipa shilingi ngapi kwa siku na wanakula mara ngapi. Pale Moshi kuna KPAP, mradi unaofuatilia maslahi ya wapagazi, watawaambia kampuni zipi zinafuata utaratibu. Tipu wekeni kando tangu siku ya kwanza ya kuweka akiba. Mmoja wa waliomshusha yule dada alikuwa mpagazi aliyekuwa ametoka kubeba mahema tangu asubuhi iliyotangulia. Huwezi kuchangia binti wa Kondoa huku unampunja baba wa binti wa Machame.

Mwaka uliofuata kundi jingine la shule yetu lilipanda kwa ajili ya ile sehemu ya kunawia. Fomu waliniachia niiandike mimi. Ichukue kama ilivyo, badilisha jina la mradi tu:

"Nachangia shilingi ______ kwa ajili ya ujenzi wa sehemu ya kunawia mikono. Mchango wangu ni wa mradi. Nitautoa kabla ya tarehe ______, wapandaji wakifika kileleni au wasipofika. Naelewa kwamba kiongozi wa mlima akimwambia mpandaji ashuke, atashuka."

Mstari wa mwisho usomeni kwa sauti kila mnapomkabidhi mtu fomu. Sisi tulikuwa tunausoma.