Senti 25 si uthibitisho

Umeuliza kama bei ya senti 25 kwenye jalada inatosha kuthibitisha kuwa nakala uliyoiona ya Spring Fire, riwaya ya Kimarekani ya mapenzi ya wasichana wawili, ni chapa ya kwanza. Haitoshi. Kitabu hicho kilitoka 1952 kwa Gold Medal, wachapishaji wa vitabu vya bei nafuu vya jalada laini, kikauzika mno na kikachapwa tena na tena. Fungua ukurasa wa hakimiliki: ukikuta neno la chapa ya pili au ya tatu, bei ishuke. Vin Packer aliyeandikwa pale ni jina la kalamu la Marijane Meaker, na ule mwisho wa huzuni aliutaka mhariri wake, akiogopa posta ingezuia vitabu. Kwa hiyo usikasirike sana ukifika kurasa za mwisho (mimi nilikasirika).

Kuhusu hali yake: karatasi ya vitabu hivi ilikuwa ya bei ya chini, yenye asidi, hivyo umanjano ni kawaida. Mimi naogopa zaidi mgongo uliopasuka na kurasa zinazochomoka. Usibandike selotepu kamwe! Gundi yake huacha doa lisilotoka. Kiweke kwenye mfuko wa Mylar (plastiki angavu ya kuhifadhia), kisimame wima, mbali na jua na unyevu.

Kama unataka kusoma tu, riwaya za Ann Bannon, nazo za mapenzi ya wanawake, kuanzia Odd Girl Out ya 1957, zimechapwa upya na ni rahisi kupata. Ila kwa jalada lile la zamani, lenye mabinti wawili na maneno ya kutisha watu wazima, lazima utoboe mfuko.