Hosteli ya kwetu si hosteli ya msafiri

Juzi kijana mmoja wa Lindi kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Naingiza hosteli za wanachuo kwenye OpenStreetMap. Niweke lebo gani?" OpenStreetMap ni ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na lebo ni maneno mafupi yanayoiambia ramani mahali ni pa nini. Nimeusoma ujumbe mara mbili, maana swali hilo mimi sikumuuliza mtu, na lilinigharimu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa Mtwara. Likizo ile sikwenda nyumbani. Nilizunguka Chuno, Shangani na Ligula kwa miguu, daftari mkononi, nikapata nyumba 19. Kila yenye kibao cha "Hosteli" nikaipa tourism=hostel. Nilijivunia kazi ile, na bado najivunia. Kabla yangu mitaa hiyo ilikuwa mapaa yasiyo na jina.

Miezi ikapita. Siku moja, saa mbili usiku, mama mwenye nyumba mmoja wa Chuno akanipigia. "Mwanangu, njoo. Kuna mzungu yuko getini na begi lake, anasema katuona kwenye ramani." Nikakimbia. Nikamkuta kijana wa watu kachoka, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kanyoosha simu. Kwenye kioo kuna jina nililoliandika mimi, limepangwa na malazi ya wasafiri. Nyuma ya mama, mabinti wawili wamejifunga khanga, miswaki mkononi, wanachungulia. Ilikuwa nyumba ya wasichana watupu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Hawa wazazi wao wameniachia mimi." Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Mgeni nikampeleka gesti. Kisha nikakaa kusoma maelezo ya lebo, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Tourism=hostel ni pa msafiri, anayelala kwa bei nafuu siku mbili tatu akaondoka. Kwetu hosteli ni anapoishi mwanafunzi muhula mzima. Jengo lililojengwa kwa kazi hiyo ni building=dormitory.

Nilipofungua ramani nirekebishe, nikakuta mchoraji wa ng'ambo keshapita. Nyumba saba kazifuta kabisa, kaandika kwamba hazipo. Nimezigusa kuta zake! Kila badiliko lina sehemu ya kuacha maoni. Angeniuliza pale, ningemjibu siku hiyo hiyo. Hilo nalo liliniuma, sitaki kudanganya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usikisome kibao peke yake. Uliza nani analala humo. Nyumba ya familia yenye vyumba viwili vya wanachuo uani ni nyumba, iache building=house. Namba ya simu ya mwenye nyumba usiiweke bila ruhusa yake. Wala usiandike kuwa ni ya wasichana tu, hata kama lebo yake ipo. Ramani hii inasomwa na dunia nzima, na si wote duniani wenye nia njema. Sisi wachoraji tunapenda kujaza kila kisanduku, jizuie. Uliza kwanza, kisha uliza tena. Na ukiona kosa la mwenzako, mwandikie kabla hujafuta.

Lile ghorofa la kwenye picha uliyonitumia, maduka chini, wanachuo juu, bado linanitatiza. Likiwa lilijengwa kwa ajili ya familia kupanga, ni building=apartments, na kila duka liwe nukta yake. Muulize mlinzi lilianzaje, unijulishe, Jumamosi tuliingize pamoja.