Kasha dogo la kompyuta lenye kioo: maswali yenu kuhusu umbo la nje

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu makasha madogo ya kompyuta za mezani, yale yanayobeba ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) wa saizi ya Mini-ITX (milimita 170 kwa 170) na yenye kioo ubavuni au mbele. Tumeyafupisha kidogo.

Duka limeandika kasha ni lita 18. Nimelipima kwa rula nyumbani, napata lita 20 na ushee. Nimepunjwa?
*Msomaji, Dodoma*

Hujapunjwa, ndugu. Watengenezaji wengi hupima boksi lenyewe na kuacha miguu, vishikio na chochote kinachochomoza. Chukua Cooler Master NR200P, kasha linalojulikana sana katika kundi hili. Bila vilivyochomoza ni milimita 360 kwa 185 kwa 274, yaani lita 18.25. Ukivijumlisha inakuwa 376 kwa 185 kwa 292, na hapo unapata lita 20.3. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, lakini kitakachokaa mezani kwako ni cha pili.

Kama unataka liingie kwenye rafu, lita hazikusaidii. Pima kina cha rafu, kisha toa milimita 70 hivi kwa ajili ya vichwa vya kebo vinavyotokeza nyuma. Waya mnene wa umeme haukubali kukunjwa ghafla.

Nimependa kasha lenye kioo mbele na ubavuni. Rafiki yangu anasema litachemsha mashine. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanza*

Inategemea mwanya. Kioo hakipitishi hewa hata kidogo, kwa hiyo kila kitu kinaamuliwa na nafasi iliyoachwa pembeni mwake. Hesabu yake ni nyepesi, unaweza kuifanya dukani.

Feni ya milimita 120 ina duara la karibu sentimita za mraba 113. Toa kitovu cha katikati, inabaki kama 100. Feni mbili za mbele zinataka basi 200. Sasa pima nyufa zilizo kando ya kioo cha mbele. Makasha mengi ya bei ya chini yana ufa wa milimita 5 kila upande, na kimo cha milimita 280. Hiyo ni sentimita za mraba 28 kwa pande zote mbili, na bado hatujatoa wavu wa kuchuja vumbi. Feni mbili zinapumulia tundu ambalo halitoshi hata theluthi ya feni moja. Utasikia zikivuma huku joto likibaki palepale. Tena hewa iliyokosa njia mbele itaingia kwa nyuma, kupitia vifuniko vya sloti (nafasi za kuchomekea kadi) visivyo na kichujio, ndiyo maana unakuta vumbi limejaa upande ambao hukulitarajia.

Kuna makasha ya vioo viwili yaliyofikiriwa vizuri, yanayovuta hewa kutoka chini. Hapo pima miguu. Kitako cha milimita 360 kwa 185 kina mzunguko wa 1,090. Miguu ikiwa na kimo cha 18, unapata karibu sentimita za mraba 196, na hizo zinatosha feni mbili za chini. Lakini ukiliweka juu ya zulia nene, miguu ikazama milimita 8, unabaki na 109. Liweke juu ya ubao.

Kwa maoni yetu, kioo kimoja cha ubavuni na wavu mbele ndiyo sura inayodumu. Kioo cha mbele ni cha kupigia picha, isipokuwa hewa iwe na njia nyingine iliyo wazi.

Nitajuaje dukani kama kasha limeundwa vizuri? Yote yanang'aa.
*Msomaji, Nairobi*

Beba kadi ya benki na tochi ya simu. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha kimataifa. Ipitishe kwenye mstari ambapo kioo kinakutana na fremu, kuanzia juu hadi chini. Ikiingia juu na kukwama chini, fremu imepinda au kioo hakikai sawa. Kisha liweke kasha juu ya meza tambarare na ubonyeze pembe mbili zinazokabiliana. Likicheza, usiseme miguu itajirekebisha. Kioo hakipindi pamoja na bati, na fremu iliyopinda huhamishia nguvu yote kwenye matundu ya skrubu.

Mulika tochi ndani, tazama kwa nje. Mwanga unaovuja upande mmoja tu unaonyesha pengo ambalo jicho lisingeliona mchana.

Halafu kishike kioo chenyewe. Chenye milimita 4 na ukubwa wa sentimita 36 kwa 27 kinapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo moja (kioo kina gramu 2.5 kwa kila sentimita ya ujazo). Kikiwa chepesi kama sahani ya plastiki, basi ni plastiki, na bei iwe ya plastiki.

Mwisho tazama kinavyoshikiliwa. Namna tunayoipenda ni kioo kilichogundishwa kwenye fremu nyembamba ya bati, fremu ndiyo inayoingia kwenye kasha kwa ndoano au vibanio. Ya pili ni bawaba. Ya mwisho ni skrubu nne zinazopita kwenye matundu ya kioo. Hiyo si mbaya, ila inataka nidhamu: washa (pete) ya mpira pande zote mbili za kila tundu, kaza kwa vidole mpaka mpira uguse, ongeza robo mzunguko, basi. Usikaze kwa drili hata mara moja.

Kioo changu kimepasuka vipande vidogo vidogo nilipokiweka chini tu. Hakikuanguka. Je, fundi wa madirisha anaweza kunikatia kingine?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Tunadhani sakafu yako ni ya vigae. Kioo cha makasha haya kimepashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla kwa upepo. Ngozi yake ya nje inabanwa na kiini chake kinavutwa. Ndiyo maana unaweza kukigonga katikati kisivunjike, lakini ncha ngumu ikikwaruza ukingo au pembe, ngozi inapenywa na kioo chote kinaachia kwa pamoja. Kauri ni ngumu kuliko kioo. Wezi wa magari wanalijua hilo, hutumia kipande cha kauri ya plagi ya injini kuvunja dirisha. Kioo kikitolewa kwenye kasha kilazwe juu ya taulo au kadibodi, kisisimamishwe kwenye kigae.

Kuhusu fundi: kioo kilichoimarishwa hivyo hakikatwi wala kutobolewa tena, matundu yote hufanywa kabla ya moto. Fundi atakukatia kioo cha kawaida cha dirisha, nacho kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali kama kisu, karibu na miguu yako. Hatukushauri. Mwambie akukatie akriliki ya milimita 3. Acha karatasi ya kinga juu yake wakati wa kutoboa, tumia mwendo mdogo, fanya tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita 1 au 2, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto. Itachubuka mapema, na usiisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia, itafanya nyufa nyembamba. Sabuni laini na maji vinatosha.

Picha zote nzuri zinaonyesha kadi ya grafiki imesimama, feni zake zinatazama kioo. Nifanye hivyo?
*Msomaji, Arusha*

Pima kwanza. Sloti moja ni milimita 20.3, kwa hiyo kadi ya sloti tatu ni 61. Kama kasha linakupa 65 hadi kwenye kioo, feni zimebakiwa na milimita 4 za kuvutia hewa. Sisi hatushuki chini ya 20.

Ikiwa umeshaifunga, cheza mchezo mzito dakika 20 kioo kikiwepo, andika joto. Kitoe, rudia. Likishuka nyuzi 5 au zaidi, kioo ndicho kinachokaba. NR200P huja na kioo na ubavu wa bati wenye matundu katika boksi moja, na hilo ni jambo la busara ambalo tungependa kuliona kwa wengine. Na kama skrini inakatika-katika baada ya kuisimamisha kadi, angalia kebo ya kuirefusha. Kebo ya PCIe (njia ya kadi kuwasiliana na ubao mama) ya kizazi cha 3 na kadi ya kizazi cha 4 mara nyingi hazielewani mpaka uingie BIOS (mipangilio ya ubao mama) ushushe sloti hadi kizazi cha 3 (Gen 3).

Kasha langu jeusi limeanza kutu kwenye kingo. Naishi karibu na bahari.
*Msomaji, Mombasa*

Chumvi huanzia pale rangi ilipo nyembamba: kingo zilizokatwa, matundu ya skrubu, vifuniko vya sloti. Piga msasa namba 400, futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha kabisa, paka praima ya zinki kisha rangi. Fanya hivyo vipande vikiwa nje ya kasha, unga wa bati usiangukie ubao mama. Ukinunua jingine, tafuta la alumini, au pitisha kidole ndani ya mikunjo uone kama rangi imefika.

Jeupe au jeusi?
*Msomaji, Kigali*

Jeusi lisilong'aa huonyesha vumbi na alama za vidole, jeupe huonyesha uchafu wa wavu wa mbele. Kitakachokusumbua zaidi ni tundu la USB-C la mbele. Kebo yake inahitaji soketi yake maalum kwenye ubao mama, na mbao nyingi za Mini-ITX za bei nafuu hazina. Hakikisha kabla ya kulipa, la sivyo utabaki na tundu la pambo.