Vitumba vya pamba vinapukutika: ni funza au ni mmea wenyewe?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina ekari tatu za pamba huku Meatu, nilipanda mwanzoni mwa Desemba. Napiga dawa kila baada ya siku 14 lakini vitumba vinazidi kudondoka. Niongeze dawa? – Mama mkulima

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze bado. Kesho asubuhi okota vitumba 20 (yaani maua ambayo hayajachanua) vilivyoanguka, uvipasue kwa wembe.

Kilichoshambuliwa na funza wa vitumba kina tundu, mara nyingi na kinyesi mdomoni, na vile vijani vitatu vinavyokifunika huwa vimeachama na kuwa njano. Kisicho na tundu mmea umekiacha wenyewe. Pamba hupukutisha zaidi ya nusu ya vitumba na matunda yake machanga hata pasipo mdudu, na jua kali, maji yaliyotuama au mawingu ya siku nyingi huzidisha. Hapo ekapaki, ile dawa ya wadudu ya kipimo cha ekari moja, haikusaidii kitu.

Vingi vikiwa na matundu, kupiga dawa kwa kalenda ndiko kulikokuangusha. Yai la funza huanguliwa kwa siku tatu au nne tu. Ukisubiri zile 14, funza ameshakua na kujichimbia ndani ya tunda, na dawa haimfikii. Kwa hiyo tunawinda mayai. Kila wiki, mapema asubuhi, pita shambani kwa mwendo wa kupindapinda, ukague miche 24, usichague iliyo mizuri. Angalia ncha, majani machanga ya juu na vitumba. Yai ni jeupe, la mviringo, dogo kama punje ya chumvi laini, na hutagwa mojamoja. Wenzetu wa Zimbabwe kwa miaka mingi wamepiga dawa wanapofikisha mayai 12 kwenye miche 24, yaani nusu yai kwa mche, na mimi naona ni kipimo kizuri cha kuanzia. Chini ya hapo, subiri, ukague tena. Geuza na majani: vidukari wakiwapo pamoja na wadudu kobe wengi, wale wekundu wenye madoa meusi, tafadhali waache wafanye kazi. Nimeona mashamba yaliyopigwa dawa mapema yakifurika vidukari kwa sababu walaji wao waliuawa kwanza.

Ukiwa hapo hapo, pima na ukuaji. Wengi wanaliruka hili, na kwangu ndilo linaloamua. Ua la pamba huwa jeupe siku moja, kesho yake linageuka waridi. Tafuta ua jeupe la juu kabisa lililo karibu na shina kuu, kisha hesabu vifundo vya shina (pale majani au matawi yanapochomoza) kutoka hapo hadi jani la juu lililokunjuka. Vikiwa saba au nane, mche bado una nguvu ya kuzaa. Vikishuka hadi vitano, umeanza kufunga kazi: vitumba vya kileleni havitakupa pamba ya maana, hata vikidondoka usivililie. Linda matunda yaliyokwisha kushika. Vikiwa vitano wakati maua ndiyo kwanza yanaanza, shida ni maji, rutuba au magugu.

Ukiniandikia tena, mama, nitajie namba tatu: matundu mangapi kati ya vile 20, mayai mangapi kwenye miche 24, na vifundo vingapi juu ya ua jeupe.