Mwizi anayejificha kila zamu

Ndugu yangu, umeuliza kama mhusika mwizi katika mchezo wa kuigiza wa mezani wa kundi lenu hapo Langoni ana haki ya kurusha mshale, kujificha, na zamu ijayo kurusha tena. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, anayo: kuanzia ngazi ya 2, kujificha kwake ni kitendo cha ziada, yaani anaweza kukifanya katika zamu ileile anayorusha mshale. Ila lazima pawe na pa kujifichia, na mwamuzi ni msimamizi wa mchezo. Kichochoro chenye kona na punda wa mizigo, sawa; uwanja mtupu mbele ya ngome, hapana! Dadu yake ya pande 20 pamoja na ujuzi wake wa kujificha hulinganishwa na umakini wa adui, yaani 10 na nyongeza ya adui huyo. Akishapiga, apate akose, maficho yamejulikana. Na huyo mwenzenu anayelalamika kwamba hamwoni mwizi, naye asogee basi. Akizunguka kona atamwona.