Seli za Cajal au telosaiti? Namna ninavyozitofautisha kwenye utumbo wa kuku

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: seli nyembamba zenye mikia ulizoziona katikati ya misuli ya utumbo wa kuku ni seli za Cajal (zinazoipa misuli ya utumbo mapigo yake) au ni telosaiti (seli za tishu unganishi zenye mikia mirefu myembamba), rangi gani itamaliza ubishi wako na mwenzako, na kipande kikatwe sehemu gani. Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa slaidi za matumbo ya kuku, bata na kware, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayokutana nayo mezani.

Kwa slaidi uliyoitaja, ya hematoksilini na eosini, hakuna kati yenu aliyeshinda. Kwenye rangi hiyo seli ya Cajal, telosaiti na fibroblasti ya kawaida (seli inayotengeneza nyuzi za tishu unganishi) zinafanana mno: kiini kirefu cha buluu kilichobanwa kati ya nyuzi za misuli, na pembeni yake karibu hakuna kitu. Hiyo "mikia" ya waridi mara nyingi ni kolajeni tu, yaani nyuzi za tishu unganishi. Mkia halisi wa telosaiti, unaoitwa telopodi, umekaa kama uzi wa shanga: sehemu nyembamba ndefu, kisha kivimbe, kisha tena nyembamba. Ndani ya vivimbe mna mitokondria na vifuko vidogo vya utando. Zile sehemu nyembamba zina unene wa chini ya mikromita 0.2, na hapo ndipo uwezo wa hadubini ya mwanga unapokoma hata ukinunua lenzi ghali kiasi gani. Kwa hiyo anayedai ameitambua telosaiti kwa umbo, kwenye slaidi ya kawaida, mwombe picha ya hadubini ya elektroni. Akiwa nayo, tazama kama kiwiliwili cha seli ni kidogo na mikia ni michache lakini mirefu kupita kiasi. Seli ya Cajal kwa kawaida ina mwili ulionona zaidi, mitokondria tele, na sehemu zinazogusana na seli za misuli kwa karibu sana ili umeme upite.

Kuchanganywa kwa majina haya kuna historia. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alizichora seli zake mwishoni mwa karne ya 19, akaamini ni neva za aina ya kizamani. Zaidi ya miaka mia baadaye, kundi la mtafiti Popescu kule Romania likakuta seli nyingine kwenye viungo vingi, likaziita kwanza "seli zinazofanana na za Cajal". Mwaka 2010 Popescu na mtafiti mwenzake Faussone-Pellegrini wakazipa jina la telosaiti ili zisichanganywe tena. Makala za kabla ya hapo bado zinazunguka na jina la zamani, na nahisi mwenzako amesoma mojawapo.

Sasa, kama seli za Cajal si neva, tulijuaje? Hapa ndege ndio waliotoa ushahidi, na sehemu hii naipenda kuliko zote. Kiini cha seli ya kware kina bonge la kromatini (DNA pamoja na protini zake) linaloonekana wazi kwa rangi ya Feulgen, inayopaka DNA, wakati kromatini ya kuku imetawanyika. Mtafiti wa viinitete Nicole Le Douarin aliitumia tofauti hiyo tangu mwaka 1969: unachukua kipande cha kiinitete cha kware, unakipandikiza kwenye kiinitete cha kuku, kisha unafuatilia kila seli ilikotoka kwa kutazama kiini chake tu. Mwaka 1996 maabara yake ilichapisha kazi iliyohusu utumbo. Kwenye kiinitete cha kuku waliiondoa ile sehemu ya mgongoni ambayo seli zake huhamia tumboni na kuzaa neva za utumbo, wakaweka ya kware. Neva zikawa za kware. Seli za Cajal zikabaki za kuku. Zaidi ya hapo, utumbo uliokuzwa bila neva kabisa bado ulizitoa. Maana yake zinatokana na mesodemu (tabaka la kati la kiinitete) ya utumbo wenyewe, pamoja na misuli. Ndiyo maana ni halali kuziweka kwenye mazungumzo ya tishu unganishi, ingawa kazi yake ni ya umeme: ndizo zinazoanzisha mawimbi ya polepole yanayoipa misuli ya utumbo mapigo yake, na neva huongeza au kupunguza tu.

Kwa ndege mapigo hayo si mchezo. Chakula hakiendi mbele tu. Hurudishwa kutoka duodeni hadi kwenye firigisi kikasagwe tena, na huko nyuma mkojo hupandishwa kutoka kloaka (tundu moja la mwisho la kinyesi na mkojo) hadi kwenye vile vifuko viwili vya utumbo mpana. Mtu anayefikiri utumbo wa kuku ni bomba la njia moja hatawaelewa hawa ndege.

Tuje kwenye rangi. Alama ya kwanza ya seli za Cajal ni c-Kit, kipokezi kilicho juu ya utando wa seli. Tangu mwaka 1992 ilionekana kwa panya kwamba ukikizuia, mwendo wa utumbo unavurugika. Lakini seli za masti, ambazo ni seli za kinga zenye chembechembe, nazo zina c-Kit. Ukiona seli ya mviringo iliyong'aa kwenye lamina propria (tishu unganishi iliyo chini ya utando wa ndani), karibu na epitheli, usikimbilie kuandika Cajal. Kata kipande kinachofuata, kipake toluidini buluu: chembechembe za masti zitageuka zambarau wakati tishu nyingine zinabaki buluu. Tishu iliyokaa sana kwenye formalini hutoa rangi hafifu, kwa hiyo kwa kazi ya masti mimi huweka kipande cha pembeni kwenye kimiminika cha Carnoy, dawa nyingine ya kuhifadhi.

Kwa telosaiti watu hutumia CD34 pamoja na PDGFRα, protini mbili za juu ya utando wa seli. Shida ni kwamba fibroblasti maalumu zilizo kwenye misuli nazo zina PDGFRα, na wapo wanaosema ni seli zilezile kwa majina mawili. Binafsi sipendi kuandika "telosaiti" kwenye ripoti bila picha ya elektroni. Naandika "seli za tishu unganishi zenye CD34" na kuishia hapo.

Halafu kingamwili, yaani protini tunazotumia kuzishika alama kama c-Kit na CD34 ili zionekane. Nyingi zinazouzwa zimetengenezwa dhidi ya protini za binadamu au panya, na kwa ndege zinaweza zisishike chochote, au zishike kila kitu. Slaidi tupu haithibitishi kwamba seli hazipo. Weka slaidi isiyotiwa kingamwili ya kwanza (ile inayoshika alama yenyewe), na weka tishu ya ndege mwenyewe ambayo unajua ina protini hiyo. Bila hizo mbili mimi siisomi slaidi ya mtu.

Jambo lililonisaidia kuliko rangi zote ni kuacha kutegemea vipande vya kukatwa kwa maikrotomu, mashine ya kukata tishu vipande vyembamba. Seli hizi ni wavu uliolala bapa kati ya misuli ya duara na ile ya urefu, na kisu kinaukatakata mpaka unabaki nukta. Fungua utumbo, usafishe, utandaze kwa pini juu ya nta, uutie dawa ya kuhifadhi kwa muda mfupi, kisha chini ya hadubini ya kupasulia chubua tabaka la ndani polepole mpaka ubaki na karatasi ya misuli. Paka c-Kit kwenye karatasi hiyo nzima. Utaona wavu umezunguka mafundo ya neva, na hapo kiini kimoja kirefu kinapata maana yake. Fanya haraka: kuku ana joto la nyuzi 41 hivi, na tabaka la ndani la utumbo huanza kuoza mapema sana baada ya kifo.

Kipande chukua kwenye utumbo mwembamba, duodeni au ileamu. Firigisi iache kwa sasa. Misuli yake ni minene mno, ina kano pana katikati, haichubuki, na kolajeni yake itakurudishia ubishi uleule. Tumbo la tezi nalo limejaa vitundu vya tezi na tishu unganishi kati yake, na kwa anayeanza linachosha macho.