Usimfunike Kanga Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Polisi na Eneo la Kifo

Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu kifo cha ghafla nyumbani au njiani: polisi wameitwa, utepe umefungwa, ndugu wamebaki nje hawaelewi kinachoendelea ndani. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania Bara, isipokuwa swali la mwisho lililotoka Mombasa.

Shemeji yetu alikutwa amefariki chumbani. Mama mmoja alivua kanga amfunike, askari akamzuia kwa ukali, na mwili ukakaa wazi zaidi ya saa 2. Huko si kumdhalilisha marehemu? (Msomaji, Tanga)

Ukali haukuhitajika, lakini katazo lilikuwa sahihi. Kanga iliyotoka begani kwa mtu ina nyuzi, nywele na jasho lake. Ukiitandaza juu ya maiti inaviacha pale, na ukiiondoa inazoa vilivyokuwepo. Unywele ulionasa kwenye kifungo cha shati la marehemu ukishahamia kwenye kanga, hakuna mtaalamu atakayesema tena ulitoka wapi. Damu mbichi nayo hunywewa na kitambaa. Tone lililodondoka wima huacha duara, lililoruka kwa pembeni huacha umbo la yai lenye mkia, na mkia huo huonyesha damu ilikuwa inaelekea wapi. Likishapakazwa na kanga, linabaki doa tu.

Kuna mengine tunayoyafanya kwa mapenzi: kumfumba marehemu macho, kumfunga kidevu, kumnyoosha miguu, kumfuta povu mdomoni, kuokota kikombe kilichoanguka, kufagia uwanja kwa kuwa watu wa msiba wanakuja. Chukueni mguu peke yake. Mtu amelala chali sakafuni, amekakamaa, goti limekunjwa juu na halijaegemea kitu. Goti haliwezi kukakamaa likiwa hewani bila kushikiliwa, kwa hiyo alikakamaa katika mkao mwingine, pengine kwenye kiti au ndani ya buti la gari, kisha akahamishwa. Mkiunyoosha mguu huo, habari hiyo imekwisha.

Stara inawezekana bila kugusa mwili. Watu wawili washike shuka kama pazia, mbali kidogo, majirani wasione. Na hili lisichanganywe: kama kuna dalili yoyote ya uhai, okoeni mtu. Ushahidi utasubiri.

Walipiga picha na kupima kwa futi kamba karibu saa nzima kabla ya kumgusa marehemu. Ilikuwa lazima? (Msomaji, Dodoma)

Ni lazima, kwa sababu eneo la tukio huonekana lilivyo mara moja tu. Askari wa kwanza kufika anahakikisha kama mtu kweli amekufa, anaandika saa aliyofika na aliowakuta, kisha anafunga utepe. Utepe hufungwa mbali kuliko inavyoonekana kuhitajika: kuupunguza baadaye ni rahisi, kuupanua baada ya watu 100 kukanyaga hakusaidii. Ndani huachwa njia moja ya kupita, na isiwe ile ambayo mhusika anaelekea kuwa aliipita. Kila anayeingia anaandikwa jina, saa na sababu, na mkubwa aliyekuja na msafara wake naye anaandikwa. Viatu vya wakubwa vimeharibu nyayo nyingi kuliko vya watoto wa mtaani.

Picha huanza kwa mbali, kutoka kona zote za chumba. Zinafuata za masafa ya kati zinazoonyesha kitu kipo karibu na nini, kisha za karibu kabisa. Hizo za karibu hupigwa mara mbili, bila rula halafu ikiwa na rula, na kamera ikikitazama kitu wima. Picha ya jeraha iliyopigwa kimshazari inabadilisha urefu wake.

Ramani ya eneo la tukio ndiyo inayoangusha kesi. Kila kitu muhimu kipimwe kutoka sehemu mbili zisizohama, kama kona ya nyumba na nguzo ya umeme. Ukiandika "kisu kilikuwa hatua 5 kutoka kwenye kiti", kesho kiti kipo jikoni na kipimo hakina maana. Kaskazini ionyeshwe, tarehe na saa ziandikwe, na jina la aliyeonyesha mahali liwepo pamoja na la mchoraji. Ramani iliyochorwa kituoni siku 3 baadaye kwa kukumbuka, wakili wa utetezi huifurahia sana.

Wanajuaje mtu amekufa saa ngapi? Kwenye tamthilia daktari hugusa tu na kutaja saa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Anayetaja saa kamili kwa kugusa anabahatisha. Kinachopatikana ni makadirio, kati ya saa hii na ile.

Cha kwanza ni joto. Vitabu vingi viliandikiwa nchi za baridi, ambako maiti hupoa kwa wastani wa nyuzi 1 hadi 1.5 kila saa. Ipeleke kanuni hiyo kwenye chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto la chumba nyuzi 33. Mwili wa nyuzi 37 una nyuzi 4 tu za kushuka, na saa 8 mchana chumba kinaweza kuwa na joto kuliko maiti. Ndiyo maana mpelelezi huandika joto la chumba, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, feni ilikuwa ikizunguka au la, na marehemu alivaa nini. Kuna mtu huizima feni akiingia, bila kufikiri, na hamwambii yeyote.

Cha pili ni kukakamaa. Huanzia kwenye taya na shingo yapata saa 2 hadi 4 baada ya kifo, hushika mwili mzima kwenye saa 12 hivi, kisha hulegea. Katika joto la pwani mambo haya huenda mbio, na aliyekufa katikati ya purukushani hukakamaa mapema zaidi. Mwili uliokwisha kulegea humdanganya asiyejua, akadhani mtu amefariki punde.

Damu nayo hutuama upande wa chini. Huonekana ndani ya saa 1 au 2, na kati ya saa 6 na 12 hushika, ukibonyeza kwa kidole haipauki tena. Ikikutwa imeshika mgongoni na maiti imelala kifudifudi, kuna aliyeigeuza saa nyingi baada ya kifo.

Mwili ukikaa siku kadhaa, nzi ndio saa. Huchukuliwa funza wakubwa kuliko wote: baadhi hutumbukizwa kwenye maji ya moto sana kisha wakahifadhiwa kwenye spiriti, wengine huachwa hai wakue mpaka aina ya nzi itambulikane. Udongo wa chini ya mwili nao huchukuliwa, maana funza waliokwisha kukua hujizika humo.

Baada ya sayansi yote hiyo, saa huweza kupotea kwenye karatasi. Shahidi anasema, "Nilimwona saa mbili usiku." Mwandishi wa maelezo anaandika 0200 badala ya 2000. Tofauti ni saa 6, na mtu asiyehusika anaweza kukosa pa kujificha. Ukisaini maelezo yako polisi, soma saa kwanza.

Vijana wawili walikufa usingizini, hawana jeraha. Polisi walihangaika na jiko la mkaa na kutazama viganja vyao. Viganja vinasema nini? (Msomaji, Arusha)

Walikuwa wanatafuta rangi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu kuliko oksijeni inavyoweza. Damu hiyo hubaki na wekundu wa kung'aa. Picha za vitabuni ni za watu weupe, kwa hiyo askari aliyezitegemea hatauona wekundu huo kwenye ngozi yetu. Pa kutazama ni viganja, kucha, ufizi na ndani ya kope la chini.

Rangi iandikwe palepale, kabla ya mochwari, kwa sababu maiti iliyokaa kwenye jokofu nayo huweza kupata wekundu unaofanana na huo. Jibu la uhakika hutoka kwenye damu: mara nyingi waliouawa na hewa hii hukutwa zaidi ya asilimia 50 ya damu yao imeshikwa nayo. Chumbani huangaliwa majivu (kiasi gani, bado yana moto?), nguo zilizozibwa chini ya mlango, dirisha, na kama kuna paka au kuku aliyekufa humo. Jenereta iliyowekwa varandani hufanya kazi ileile. Askari naye anatakiwa afungue milango na asubiri hewa ipite kabla ya kuinama juu ya maiti, maana hewa hiyo haichagui.

Nguo zenye damu walizitia kwenye bahasha za kaki. Hawana hata mifuko ya plastiki? (Msomaji, Morogoro)

Hapo walifanya vizuri. Nguo mbichi kwenye plastiki hutoka jasho, hupata ukungu na bakteria, na vinasaba huoza. Kwa joto letu siku moja inatosha kuharibu. Hutakiwa ikaushwe kivulini juu ya karatasi safi, kamwe isiwe juani, kisha kila nguo ikaingia bahasha yake. Shati na suruali zikiwekwa pamoja, damu ya moja huhamia kwa nyingine. Glovu nazo hubadilishwa kati ya kielelezo na kielelezo. Nguo iliyomwagiwa petroli ni kinyume: inahitaji chupa au kopo lenye kifuniko cha kubana, kwani karatasi hupitisha mvuke, na maabara ikapokea nguo isiyonuka chochote.

Bahasha hufungwa kwa lakiri na kuandikwa kilichomo, kilipookotwa, saa, na nani kakiokota. Baada ya hapo kila mkono unaokipokea unasaini, mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, kwa mfano bahasha ikalala droo ya ofisi bila rejista, mahakama inaweza kukikataa kielelezo hata kama kilikuwa cha kweli.

Mtu akikutwa ananing'inia, tumshushe au tusubiri polisi? (Msomaji, Iringa)

Ana joto, au mna shaka yoyote: mnyanyueni kupunguza uzito, kateni kamba, mpelekeni hospitali. Kama amekwisha poa na kukakamaa, subirini. Atakayekata, akate mbali na fundo, asilifungue, na kitanzi akiache shingoni mpaka daktari akiondoe. Fundo humwambia mpelelezi namna lilivyofungwa, na alama ya shingoni humwambia zaidi. Inayopanda kuelekea fundo huendana na kuning'inia. Inayozunguka shingo sawasawa, chini, huamsha swali la mtu aliyekabwa kwanza.

Baba alikutwa amekufa, pembeni chupa ya soda yenye dawa ya wadudu. Tulimpiga dawa ya kuhifadhi maiti tukisubiri ndugu, ndipo polisi wakasema tumeharibu. Kweli? (Msomaji, Njombe)

Kweli, kwa sehemu kubwa. Fomalini, iliyomo kwenye dawa hiyo ya kuhifadhi maiti, hubadilisha sumu nyingi na kuvuruga vipimo, ndiyo maana hata daktari hatakiwi kuhifadhi ini, figo na vilivyomo tumboni kwa fomalini vinapokwenda kupimwa sumu. Hupelekwa vibichi na kwa ubaridi, kila kimoja kwenye chombo chake, pamoja na damu na mkojo. Chupa ile iacheni ilipo, wima, msiinuse wala kuimwaga. Matapishi msiyaoshe.

Sisi Waislamu tunazika mapema. Tunaweza kukataa maiti isipasuliwe? (Msomaji, Kigoma)

Kifo kikiwa na utata, uchunguzi unaoamriwa kwa ajili ya upelelezi hautegemei ridhaa ya ndugu. Mnachoweza ni kuuharakisha. Upasuaji wenyewe kwa kawaida ni saa 2 au 3. Kinachokula siku ni karatasi: fomu ya polisi ya kuomba uchunguzi haijafika, mpelelezi hajatokea, au hakuna ndugu wa kuutambua mwili mbele ya daktari. Teueni mtu mmoja anayemjua marehemu vizuri akae na mpelelezi tangu mwanzo, mwambieni daktari mapema mnataka kuzika leo, na msioshe maiti kabla. Ghusli hufanyika baadaye, miili hushonwa. Kuzika kwanza na kuuliza baadaye ni kugumu zaidi: kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na sumu nyingine hazisubiri kaburini.

Kijana wetu alifia mikononi mwa polisi. Nani anachunguza, polisi haohao? (Msomaji, Mombasa)

Kenya, sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka mkubwa wa askari aliyehusika na kifo aiarifu IPOA mara moja, alinde eneo la tukio na awaarifu jamaa wa marehemu. IPOA, mamlaka huru ya kuangalia utendaji wa polisi, iliundwa mwaka huohuo, na familia inaweza kwenda ofisini kwao bila kungoja kuitwa. Andikeni majina ya waliomwona akiwa hai mara ya mwisho, na saa. Ombeni namba ya OB (kitabu cha kituo kinachoandikwa matukio) ya siku aliyokamatwa na ya siku aliyofariki, zote mbili. Kabla mwili haujafanyiwa uchunguzi, familia iwe na daktari wake wa kushuhudia ikiwezekana. Nguo alizofariki nazo zibaki kwenye karatasi, zisifuliwe.